Jinsi kompyuta nyingi zinavyogawana kazi moja, na kwa nini wakati mwingine moja hutosha

Agosti 2022 Wakenya walipiga kura katika vituo 46,229. Jioni ile masanduku hayakupakiwa kwenye malori ili yote yakafunguliwe Nairobi kwenye meza moja. Kura zilihesabiwa palepale kituoni mbele ya mawakala, matokeo ya urais yakajazwa kwenye Fomu 34A, na kilichotumwa mbele ni picha ya hiyo karatasi. Waliokuwa ngazi za juu, hadi ukumbi wa Bomas, kazi yao ilikuwa kukagua na kujumlisha.

Anayeuelewa utaratibu huo ameshaelewa nusu ya jambo tunalolieleza katika makala hii: jinsi kompyuta nyingi zinavyoshirikiana kuchakata data nyingi mno kwa kompyuta moja. Nusu ya pili ni ngumu kidogo, na ndiyo inayokula pesa. Kuongeza kompyuta hakuongezi kasi kila mara, na kila namna ya kugawana kazi ina mahali inapokwama.

Tunalieleza hili kwa sababu data inayochakatwa ni yetu pia. Kila unapopiga simu, kampuni ya simu huandika mstari mmoja: namba iliyopiga, iliyopigiwa, saa, na mnara uliopokea simu hiyo. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia rekodi za aina hiyo, zikiwa zimeondolewa majina, za wateja karibu milioni 15 nchini Kenya. Zilikuwa za kati ya Juni 2008 na Juni 2009, na zilipitia minara 11,920. Watafiti walifuatilia jinsi watu walivyosafiri, wakalinganisha safari hizo na ramani ya malaria, wakaonyesha njia ambazo vimelea hupita vikiwa ndani ya damu ya wasafiri, kwa mfano kutoka maeneo ya Ziwa Victoria hadi Nairobi. Hebu tupige hesabu ndogo. Kama kila mteja kati ya hao angepiga simu mbili tu kwa siku, hiyo ni mistari milioni 30 kwa siku, na karibu bilioni 11 kwa mwaka.

Shida ya kwanza ya mistari mingi hivyo ni kuisoma tu. Ndani ya kompyuta kuna ghala na kuna meza ya kazi. Ghala ni diski, ambako data hulala. Meza ni kumbukumbu, ambako data huwekwa inapofanyiwa kazi, na meza daima ni ndogo kuliko ghala. Tuseme ghala lina terabaiti moja, yaani baiti trilioni moja, na diski inasoma megabaiti 100 kwa sekunde. Kuisoma yote kutachukua sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika 46, kabla hujauliza swali la pili. Ukiigawa kwa diski 100 zinazosoma kwa pamoja, ni sekunde 100.

Hesabu ya kituo kwa kituo

Desemba 2004 wahandisi wawili wa Google, Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat, walieleza hadharani mfumo wao walioupa jina MapReduce. Mawazo yake si mapya kwa yeyote aliyewahi kuwa wakala wa chama kituoni. Data haihamishwi. Programu ndogo ya kuhesabu ndiyo inayotumwa kwenye kila kompyuta, na kila kompyuta inashughulikia kipande chake bila kuongea na jirani yake. Ikimaliza inatoa matokeo madogo yenye lebo, kama jina la mgombea na kura zake. Hatua ya pili inakusanya matokeo yote yenye lebo moja na kuyajumlisha.

Kwa rekodi za simu ni hivyohivyo. Kila kompyuta inapitia mistari yake na kuandika "mnara fulani, simu moja". Kisha mistari yote ya mnara mmoja inapelekwa sehemu moja na kujumlishwa. Anayeandika programu haulizi kompyuta ziko ngapi wala ipi imeharibika. Mfumo wenyewe ndio unaogawa kazi, na hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi kubwa, kwa sababu hapo awali programu ya namna hii ilihitaji bingwa aliyekesha wiki kadhaa.

Dean na Ghemawat waliupima mfumo wao kwa kupanga rekodi bilioni 10, jumla ya terabaiti moja hivi, kwa kutumia kompyuta zipatazo 1,800. Kazi ilikwisha kwa sekunde 891, robo saa tu. Halafu wakafanya jambo ambalo sisi tunalipenda kuliko kasi yenyewe: kazi ikiwa katikati, waliziua kwa makusudi programu 200 kati ya 1,746 zilizokuwa zikifanya kazi. Mfumo uliona vipande vilivyopotea, ukavigawa upya kwa walio hai, na kazi nzima ikaisha kwa sekunde 933. Asilimia tano tu zaidi. Hilo linawezekana kwa sababu kipande kimoja hakitegemei kingine. Kituo kimoja kikihesabu upya, vingine havina habari.

Kuna jaribio lingine lao linalofundisha zaidi. Ndani ya kompyuta 1,800 daima kuna moja inayojikokota: diski imechoka, au kuna kazi nyingine inayoibia nafasi. Katika jaribio hilo, baada ya sekunde 960 zilikuwa zimebaki kazi tano tu. Hizo tano zilichukua sekunde 300 nyingine, na jumla ikafika 1,283. Kompyuta nyingine zote zilikuwa zimekaa zikisubiri. Katika jaribio la kwanza, lile la sekunde 891, dawa ilikuwa imewekwa: kazi inapokaribia mwisho, vipande vilivyobaki vinapewa kompyuta ya pili pia, na atakayemaliza kwanza ndiye anayehesabiwa. Ni kama kutuma ujumbe mmoja kwa bodaboda wawili. Unapoteza nauli moja, lakini hushikwi mateka na pancha.

Nje ya Google, Doug Cutting na wenzake walijenga mfumo kama huo ambao yeyote angeweza kuuchukua bure. Unaitwa Hadoop, jina la tembo wa manjano ambaye mtoto wa Cutting alikuwa akimchezea. Kwa miaka kadhaa kusema "data kubwa" kulikuwa sawa na kusema Hadoop.

Sufuria moja ya pilau

Kabla ya kuendelea, kuna hesabu ya zamani ambayo hakuna mfumo ulioikwepa. Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alionyesha kwamba sehemu ya kazi isiyogawika ndiyo inayoweka ukomo wa kasi.

Chukua pilau la harusi. Kumenya vitunguu, kuchambua mchele, kukata nyama: kazi hizo ukileta kina mama kumi zinakwisha mara kumi mapema. Lakini sufuria ikishafunikwa na makaa kuwekwa juu ya mfuniko, wali utaiva kwa muda wake. Wapishi hamsini wakisimama kuizunguka watapiga soga tu. Kwa tarakimu: kama kazi ni ya dakika 100 na dakika tano kati yake hazigawiki, basi hata ulete kompyuta milioni moja hutashuka chini ya dakika tano. Kasi yako haitazidi mara 20.

Ndiyo maana swali kuu katika fani hii si idadi ya kompyuta. Ni nani anamsubiri nani, na kwa nini. Mifumo tunayoieleza hapa chini ni majibu tofauti ya swali hilo.

Swali linalorudiwa mara ishirini

Kuhesabu kura ni swali la mara moja. Kuna maswali mengine ambayo jibu la leo ndilo mwanzo wa kazi ya kesho. Mfano maarufu ni ule ulioijenga Google: ukurasa upi wa mtandao una uzito? Jibu lao lilikuwa kwamba ukurasa una uzito kama unatajwa na kurasa nyingine zenye uzito. Lakini hizo nyingine zina uzito gani? Inategemea nani anazitaja. Unaanza kwa kuzipa kurasa zote uzito sawa, unapiga hesabu, unapata uzito mpya, unarudia. Baada ya mizunguko kama 20 hivi tarakimu zinatulia.

Hapo MapReduce inachosha. Kila mzunguko ukiisha, matokeo yote yanaandikwa kwenye diski, na mzunguko unaofuata unayasoma upya. Mfikirie fundi cherehani ambaye kila akishona mstari mmoja anakunja kitambaa, anakirudisha sandukuni, anafunga kufuli, halafu anafungua tena ili ashone mstari wa pili.

Mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Matei Zaharia alianza kujenga Spark. Wazo ni kuacha kitambaa mezani: data inabaki kwenye kumbukumbu kutoka mzunguko hadi mzunguko. Hatari yake ni kwamba umeme ukikatika meza inafutika, ghala halifutiki. Jibu la Spark ni zuri kwa urahisi wake. Haitunzi nakala ya kila kitu. Inakumbuka jinsi kila kipande kilivyotengenezwa, hatua kwa hatua. Trei moja ya mandazi ikiungua, huhitaji kuwa na trei ya akiba. Unahitaji kukumbuka vipimo vya unga, sukari na hamira, utengeneze trei hiyo moja tu. Katika makala yao ya 2012, Zaharia na wenzake waliripoti kasi hadi mara 20 ya Hadoop kwa kazi za kurudiarudia.

Mwaka 2014 Spark ilipanga terabaiti 100 kwa dakika 23 kwa kompyuta 206. Rekodi iliyotangulia, ya Hadoop, ilikuwa dakika 72 kwa kompyuta 2,100. Matangazo mengi yalitaja tarakimu hizo kana kwamba siri ni kumbukumbu. Sivyo. Katika jaribio hilo data ilipangwa kwenye diski, na kompyuta zile 206 zilikuwa mpya zaidi, zenye diski za kasi zisizo na sahani zinazozunguka. Ukiuziwa mfumo kwa tarakimu, uliza kwanza ulipimwa kwenye mashine gani.

Kikao cha Ijumaa

Njia ya tatu ni ya zamani kuliko Hadoop. Mwaka 1990 Leslie Valiant, mwanasayansi wa kompyuta aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alipendekeza utaratibu ambao wanachama wa vikoba na vyama vya akiba watautambua mara moja. Wiki nzima kila mwanachama anafanya biashara yake peke yake. Ijumaa wote wanakutana, wanapeana taarifa, daftari linasomwa. Hakuna anayeanza mzunguko mpya kabla ya kikao kufungwa.

Uzuri wake ni kwamba hakuna anayechanganya habari za wiki hii na za wiki iliyopita. Programu inakuwa rahisi kuandika na rahisi kusahihisha. Ubaya wake unaujua kama umewahi kukaa kwenye mkeka ukimsubiri mweka hazina.

Google iliuchukua utaratibu huo kwa data yenye sura ya mtandao wa mahusiano: nani anamfuata nani, barabara ipi inaungana na ipi. Mwaka 2010 ilieleza mfumo wake ulioitwa Pregel. Hilo ni jina la mto uliopita katika mji wa Königsberg, wenye madaraja saba ambayo mwanahisabati Euler aliyatumia mwaka 1736 kuanzisha hesabu za mitandao. Katika Pregel unaandika programu kana kwamba wewe ni mtu mmoja ndani ya mtandao: soma barua zilizokuja, badilisha tarakimu yako, waandikie majirani, subiri kikao kijacho.

Tatizo ni kwamba watu hawana majirani sawa. Wengi wetu tunafuatwa na watu mia mbili mitandaoni. Mwanamuziki maarufu anafuatwa na mamilioni. Kompyuta iliyopewa mwanamuziki huyo inafurika barua huku nyingine zimeshamaliza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliamua kumgawa mtu kama huyo, barua zake zipokelewe na kompyuta kadhaa.

Kuna na waliosema kikao chenyewe kifutwe. Mwaka 2011 kundi la Chuo Kikuu cha Wisconsin lilionyesha kwamba kwa kazi fulani za kuifundisha kompyuta, unaweza kuziacha prosesa zote ziandike kwenye daftari moja bila kufuli wala zamu. Mara mojamoja mmoja atafuta alichoandika mwenzake. Kama kila mmoja anagusa sehemu ndogo tu ya daftari, makosa hayo ni machache, na hesabu hufika palepale kwa haraka zaidi. Njia hiyo usiipeleke kwenye akaunti za pesa za simu. Huko mwandiko mmoja ukifutwa, ni karo ya mtoto wa mtu iliyopotea. Kwa pesa, kufuli na zamu vinabaki hata kama vinachelewesha.

Laptopu moja dhidi ya prosesa 128

Mwaka 2015 watafiti watatu, Frank McSherry, Michael Isard na Derek Murray, waliuliza swali ambalo fani nzima ilikuwa imelikwepa kwa adabu. Watu walikuwa wakijisifu kwamba mfumo wao wenye prosesa 128 una kasi mara nyingi kuliko mfumo huohuo wenye prosesa nane. Sawa. Lakini je, una kasi kuliko programu ya kawaida iliyoandikwa vizuri, inayotumia prosesa moja tu?

Walichukua data ya Twitter inayojulikana na watafiti: watumiaji zaidi ya milioni 41 na viungo karibu bilioni moja na nusu vya nani anamfuata nani. Kazi ilikuwa ileile ya uzito wa kurasa, mizunguko 20. Kwa matokeo yaliyokuwa yamechapishwa, kila mfumo ukiwa na prosesa 128, Spark ilitumia sekunde 857, Giraph, ambao ni mfano wa Pregel ulio wazi kwa wote, sekunde 596, GraphX 419, na GraphLab 249. Programu yao ya prosesa moja, kwenye laptopu ya 2014, ilitumia sekunde 300. Kati ya mifumo minne hiyo, ni mmoja tu uliowashinda.

Prosesa 127 za ziada zilikuwa zikifanya nini? Kwa sehemu kubwa zilikuwa zikifungasha barua, kuzituma, kuzifungua na kusubiriana. Kazi ya ushirikiano yenyewe ilikuwa imeimeza faida ya ushirikiano.

Swali lao la pili linatugusa zaidi. Safari hii walitaka kujua ni makundi yapi ya watu yameunganishwa, moja kwa moja au kupitia marafiki wa marafiki. Mifumo ya prosesa 128 ilitumia kati ya sekunde 200 na 1,784. Laptopu, kwa njia ileile ya kupelekeana habari jirani kwa jirani, ilitumia 153. Kisha wakabadilisha njia. Kuna mbinu ya zamani ambayo kila kundi lina mzee mmoja. Ukikuta watu wawili wanafahamiana, unawauliza wazee wao, na kama ni tofauti unaunganisha koo mbili kuwa moja. Unapita kwenye orodha mara moja tu. Laptopu ilimaliza kwa sekunde 15.

Mbinu hiyo haiandikiki kwa urahisi kwenye Pregel, kwa kuwa huko kila mtu anaongea na majirani zake tu na hamfikii mzee wa ukoo wa mbali. Kwa hiyo mfumo wa kugawana kazi haukuchukui kasi peke yake. Unakuchagulia pia jinsi ya kufikiri, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko umeme na kodi ya mashine, kwa sababu haionekani kwenye bili.

Tukilileta nyumbani: tuseme ofisi ya afya ya wilaya ina kumbukumbu za mahudhurio milioni moja ya wagonjwa, kila moja ikichukua baiti 200. Jumla ni megabaiti 200, pungufu ya filamu moja. Hiyo inaingia kwenye meza ya laptopu yoyote, na hata kwenye simu unayosomea makala hii. Akija mtu kuishauri ofisi hiyo ikodi kompyuta 100 zilizoko ng'ambo, aulizwe kwanza kama amejaribu kwa moja, na ilichukua dakika ngapi.

Ni tofauti kabisa pale data inapozidi diski ya mashine moja, kama rekodi za simu za nchi nzima kwa miaka kadhaa, au inapozaliwa mahali elfu 46 kwa usiku mmoja. Hapo hesabu hufanyika kituoni, na fomu ndiyo inayosafiri.